Uzi wa Tumboni na Mtori wa Wifi

Mama yangu,

Shikamoo. Na baba mpe shikamoo yake huko kihambani, kwenye migomba yake. Mgongo wako umepata nafuu? Mimi na mjukuu wako Manka tupo hapa Mtwara, joto tu ndilo linatuonea. Nimeandika maana nikipiga simu wifi anasikia kila kitu.

Mama, nina wivu, nisikufiche. Siku ile nilipopiga ulisema, "Subiri mwanangu, mtori unaungua." Halafu nikakusikia, "Kunywa mwanangu, maliza bakuli." Huyo mwanangu wa pili alikuwa wifi. Na hukurudi kwenye simu. Yeye kajifungua salama, yuko Old Moshi anapikiwa ndizi za migomba yetu. Mimi niliyezaa kwa kupasuliwa najikorogea uji huku nimeshika tumbo.

Sasa sikia nilichofanya. Nilipotoka hospitali nilimuuliza nesi nyuzi za ndani zitatolewa lini. Akasema hazitolewi, maji ya mwili yanazikata pole pole mpaka zinaisha. Nikaogopa sana. Tumbo likifumuka huku sina mama, nani atanishika? Basi nikaacha kunywa maji, nalowesha mdomo tu. Siku ya tatu maziwa yakakata. Manka ananyonya analia, ananyonya analia. Baba yake akatupeleka kliniki, hospitali ile ile.

Nesi yule yule akashika kiuno. "Nani alikukataza maji?"

"Si wewe, sista?"

"Mimi nilisema maji yanakata uzi. Sikusema ukauke kama korosho!"

Wamama kwenye benchi wakacheka mpaka nikajifunika kanga usoni. Kisha akanieleza taratibu. Kumbe ule uzi kiwandani ni vipande vidogo vidogo mno, wanaviunganisha, na kila viwili vikishikana vinatoa maji. Ukiwa tumboni, maji yanarudi yanaingia pale pale kwenye maungio, yanaviachanisha kimoja kimoja. Lakini mwilini maji yapo siku zote, ninywe nisinywe. Uzi unakwenda na siku zake, na nyama inakuwa imeshashikana yenyewe kabla haujalegea. Nilikuwa namnyima mtoto bure.

Nikanywa jagi zima mbele yake.

Maziwa yamerudi, mama. Leo asubuhi Manka kanyonya mpaka yakamtiririka shavuni, kalala mdomo wazi. Nikageuka nimwonyeshe mtu, hakuna mtu.

Wifi anaye mama yake mzazi, Kiboriloni tu pale, anaweza kupanda kumsaidia. Mimi ninaye wewe peke yako. Baba Manka ameshanunua godoro, amesema nauli atatuma. Njoo mama, hata wiki mbili.

Msalimie kaka, mwambie hongera ya kidume chake. Bibi mzaa baba mwambie Manka ana paji lake la uso. Na wifi naye msalimie. Sijui niseme nini zaidi, msalimie tu.

Nakungoja,
Mimi mwanao, niliyekuita mama kabla ya wifi,
Aika