Zamu ya Kibuyu

Mbinga,
Mei 1997

Baba,

Shikamoo. Najua utasomewa na Nathanieli. Mdogo wangu, soma polepole, usiruke kitu. Mgongo unaendeleaje? Dagaa wetu, usipa, wanapatikana ziwani hapo Lundo? Mimi mzima, ila baridi ya Mbinga haina adabu, inamfuata mtu hadi ndani ya blanketi.

Masista wa shule ninapofundisha wanaigiza ile tamthilia ya kale ya chifu aliyekataza jina la mwanawe lisitajwe. Uzeeni akataka kumwita, jina limempotea. Wakaniomba nitunge muziki wake. Tunaiita okestra, Mungu atusamehe: matarumbeta ya parokia, fidla mbili za masista, na ngoma.

Matarumbeta yaliweza vita na harusi. Kilio cha chifu, wapi! Yalivuma kama malori ya wanunuzi wa kahawa. Ndipo nikaikumbuka ngoma yetu ya mganda, nawe mbele ya wenzako ukipuliza kibuyu chako, utando wa buibui ukitetemeka kwenye kitundu. Sauti ile inalia huku inajikaza. Basi nikakitungia kibuyu zamu yake, peke yake.

Wapigaji wakauliza nani atapuliza. Nikasema yuko njiani. Kila mazoezi tukifika hapo, wote kimya, wananitazama mimi. Sista Teodora anasema ukimya ule unamtoa machozi, tuuache hivyo hivyo. Nimemkatalia.

Sasa nikuambie, baba. Uliposema nikiolewa na Mkatoliki jina langu lisitajwe nyumbani, niliapa hutanisikia nikilalamika. Kilian niliyeolewa naye aliondoka na wanunuzi binafsi ushirika wa kahawa ulipolegea. Ana nyumba nyingine Songea, na mtoto. Naishi peke yangu. Napika ugali wa mtu mmoja, na bado unabaki. Kiburi kilinizuia kukuandikia, na kiburi hicho nimekirithi kwako, usibishe. Watu hapa wanadhani namtungia chifu. Nilikuwa nakutungia wewe, kwa sababu nimechoka kuwa mbali nawe.

Tunapiga sikukuu ya Petro na Paulo. Njoo na kibuyu. Usipokuja sitampa mtu mwingine. Tutanyamaza mpaka zamu yako iishe, ndipo tuendelee.

Msalimie shangazi, na yeyote hapo ufukweni anayeniulizia. Nathanieli, ukimaliza kusoma, mpe barua aishike mwenyewe.

Mimi mwanao,
Rosemary