Kosa la Adabu katika Mchoro wa Nyundo

Jumatatu, 2 Mwezi wa Nne, mwaka wa 318

Leo nimebishana na Kamanda Brisolt, tukiwa wawili ndani ya chumba kilichofungwa, na nimeshinda. Naliandika hilo kwanza, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeliandika.

Shauri lenyewe: Dola inataka michoro ya Nyundo iibwe. Nyundo ni mzinga tunaoujenga hapa kwenye Pete, kituo chetu cha angani, wenye uwezo wa kupasua mwezi kama yai. Waasi wa Miezi ya Nje wanaitafuta michoro yake kwa udi na uvumba. Basi waipate! Ila iongezwe uongo mmoja: kwamba mzinga ukishafyatua, upande wake wa kusini hukaa kipofu saa nzima ukipoa. Watakuja kwa njia ya kusini. Huko watasubiriwa na mizinga midogo mia tatu.

Mchoro alionionyesha Kamanda ulikuwa aibu. Nikamwambia. Akaniuliza kama nina shahada ya vita. Nikajibu kwamba ninayo ya usanifu, daraja la kwanza, na kwamba mwenye macho hanaswi kwa mtego uliochorwa na kipofu. Akanisukumia kalamu: "Haya, Msomi. Chora wewe."

Nitachora mimi.

Alhamisi, 5

Uongo wangu ni mzuri. Mabomba ya kupozea yanagongana na nyaya za rada kwa namna ambayo mhandisi ataigundua mwenyewe baada ya kazi ya siku mbili. Na jambo alilojigundulia mtu mwenyewe, halitilii shaka.

Adhuhuri akaja Yemka, yule mama wa meza ya pili—miaka thelathini karakanani, hakukanyaga chuo—na bakuli lake la supu ya mwani. Yeye anajua ni mchoro wa Nyundo tu. Ya mtego hayajui. Aliuchungulia akitafuna.

"Kosa la adabu liko wapi, mwanangu?"

"Sijaweka."

"Aa! Mchoro wa Pete usio na kosa? Nani atauamini?"

Desturi ile! Kila mchoraji wa hapa huacha kosa moja dogo kwa makusudi, kwani ukamilifu ni wa Muumba. Siku watu wanapopanda chomboni, fundi mkuu hulitaja kwa sauti: hapa umekosea. Mchoraji hujibu: "Nimekosea, pandeni." Akikana, hakuna mtu wa Pete atakayetia mguu mle ndani. Mimi nilikana. Siku ya mahafali, mbele ya Mwalimu Ondreska na chuo kizima, nilisema "Sijakosea," kwa sababu sikuwa nimekosea! Chombo changu kinaota kutu gati la saba hadi leo.

"Wapishi wanafugia kuku humo siku hizi," akasema Yemka. Alicheka mpaka supu ikamwagika.

Jumapili, 8

Nimeweka kosa. Bomba la arobaini na moja: bolti tatu badala ya nne. Ni la kwanza maishani mwangu, na mkono uligoma. Lakini waasi wengi ni wana wa Pete, na uongo ukienda ugenini sharti uvae nguo za kwao. Hiyo ni hoja ya kitaalamu; sijainama kwa mtu.

Kamanda, mzaliwa wa Mji Mkuu, hakuliona. Amepiga muhuri wake. "Mchoro wangu," anauita. Jina langu, Tuvoric, halimo popote.

Ijumaa, 13

Mfungwa mmoja muasi aliachiwa mlango wazi na michoro juu ya meza. Ametoroka nayo, bila shaka akijisifu kwa ujanja wake. Njiani alimnyonga mlinzi ambaye hakuambiwa kwamba ulikuwa mchezo. Nilimuuliza Kamanda kwa nini hakuambiwa. Akasema mlinzi aliyeambiwa huanguka vibaya, kama mwigizaji mbovu.

Sikubishana. Naliandika na hilo pia.

Jumatano, 18

Yemka alinivuta nyuma ya kabati la michoro. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Umefanya jambo kubwa, mwanangu. Sisi tulikuita kichwa kikubwa, kumbe!"

Nikauliza jambo gani.

"Usinifiche mimi. Michoro haiachwi mezani na upepo. Mafundi wote wanajua ni wewe uliyewapelekea waasi." Akashusha sauti. "Mwalimu Ondreska akiuona mkono wako, na kosa limo ndani! Atalia yule mama."

Nikasema Mwalimu alistaafu.

"Alistaafu kwenda wapi? Yuko nao huko mwaka wa tatu sasa. Ndiye anayewasomea kila mchoro. Pete nzima inajua. Wewe ulikuwa unasoma vitabu."

Sijala tangu asubuhi. Miaka minne alinisihi niweke kosa moja, moja tu, apate kunisahihisha kama mwana anavyosahihishwa na mama. Nimemwekea. Hataulinganisha mchoro na kitu kingine chochote. Atauona mkono, ataliona kosa, atasema: Tuvoric amerudi nyumbani. Kisha atawaleta watu wake kusini.

Mhandisi yeyote angeweza kuushuku mchoro wangu isipokuwa yule aliyenifundisha.

Alhamisi, 19

Nimemwambia Yemka ukweli. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliimwaga supu yake yote kwenye sinki, akaosha bakuli, akalifuta, akaenda mezani kwake.

Niliomba ruhusa ya kutumia redio. Kamanda alicheka. "Umshauri nani, Msomi? Kazi yako imekwisha."

Jumanne, 24

Wamekuja. Meli arobaini—zimesimama nje kidogo ya masafa ya mizinga, upande wa kusini, kama nilivyochora.

Niliitwa chumba cha redio pamoja na Yemka, kwa kuwa imeingia sauti kwenye mawimbi ya zamani ya karakana na maofisa hawaielewi. Mimi niliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza. Ni ya Mwalimu; imezeeka.

"Mchoraji wa Nyundo! Bomba la arobaini na moja umeandika bolti tatu. Ni nne. Hapa umekosea." Kisha, chini chini: "Ulichelewa, mwanangu. Lakini nimefurahi."

Kamanda akamgeukia Yemka: "Anasema nini huyu kikongwe?"

"Ni salamu, bwana mkubwa," akasema Yemka. Hakunitazama. "Mafundi wana mambo yao. Anangoja mchoraji aitikie. Asipoitikiwa hasogei."

"Na anaitikiwa vipi?"

"Mchoraji mwenyewe ndiye anayejua."

"Basi itikia, Msomi. Waje."

Fundi wa redio anasema antena itachukua dakika sita kugeuka. Nimetoa daftari hili; Kamanda anadhani natayarisha maneno. Bastola yake iko mezani, karibu na kofia. Baada ya jibu langu ataziona meli zikisogea au zikigeuka, na atahitaji dakika moja tu kuelewa. Si mjinga kama nilivyokuwa nikiandika humu.

Meli arobaini. Sijui zinabeba watu wangapi. Sikuuliza, na mimi huuliza kila kitu.

Jibu la adabu nimelikariri tangu utotoni. Halijawahi kutoka kinywani mwangu. Lile jingine, "Sijakosea," nililisema siku moja tu, kwa kiburi, nikachekwa na Pete nzima. Lakini chombo kile cha gati la saba hakijamuua mtu.

Imebaki dakika moja. Yemka ametoka mlangoni, amekuja kusimama kati yangu na meza ya Kamanda. Anajifanya anatafuta rula.

"Sogea, mama," anasema Kamanda.

"Naitafuta rula yangu, bwana mkubwa."

Taa nyekundu ya redio imewaka.