Penye Wazi Niliandika Sifuri

Dar es Salaam, 4 Julai 2025
Shangazi Sijaona, shikamoo. Tumbo linaendeleaje? Mie mzima, ila masomo ya kemia yananikimbiza. Ile mizizi ya tumbo unayochemsha ina aina arobaini na mbili za molekuli. Nimeziingiza kwenye programu ya kompyuta inayokokotoa sifa za kila moja: uzito, kuyeyuka kwake, madhara yake kwa ini. Madhara ya zote yametoka chini. Uliniuliza kama uendelee kunywa. Endelea.
Mwanao, Hadija

Nyamisati, 9 Julai
Marahaba mwanangu. Huku twashukuru. Jibu lako nimelisoma mbele za watu! Jirani yangu Mzee Sadala naye kaanza, vikombe viwili kutwa. Macho yangu yamekuwa manjano kidogo, nadhani vumbi.
Shangazi yako

Dar es Salaam, 9 Julai
Shangazi, nisamehe, salamu baadaye. Acheni kunywa, wewe na Mzee Sadala, sasa hivi! Hayo ya macho yamenifanya nifungue upya jedwali la majibu ya programu. Molekuli tisa programu ilishindwa kuzikokotoa, ikaacha nafasi wazi. Mimi ndiye niliyeiamuru iandike sifuri kila penye wazi, kisha nikasoma sifuri kama salama. Michoro ya molekuli hizo niliyoiingiza ilikosa atomu za haidrojeni. Nimeziongeza, nimekokotoa tena: nne ni hatari kwa ini. Nendeni hospitali. Mbona simu haipatikani?
Hadija

12 Julai
Shangazi, u hali gani? Ujumbe bado una tiki moja, haujakufikia. Haruna wa boti kasema mmepelekwa hospitali Kibiti, hajui zaidi. Nijibu hata neno moja.
Mwanao

Kibiti, 19 Julai
Hadija mwanangu, hujambo? Mie nina nafuu, daktari kasema ini litapona. Simu iliisha chaji. Maneno yako nimeyasoma leo, hapa kitandani. Mzee Sadala wamemzika jana. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu zamani. Daktari hakusema ni dawa, wala hakusema siyo. Mwanawe Ashrafu alikuja kuniona. "Mama Sijaona, baba alikuwa anakunywa nini?" Nikageukia ukutani. Jina lako sijalitaja. Na likae hivyohivyo, una masomo yako.
Shangazi yako

Dar es Salaam, 20 Julai
Shangazi, shikamoo. Nashukuru una nafuu. Nimekata tiketi ya basi la kesho asubuhi. Ashrafu akija, mwambie anisubiri, nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso. Siji kumwomba asikasirike. Nakuja kwa sababu kauliza.
Mwanao, Hadija