Kistari cha Chaki

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimeacha kukusumbua. Sisi tupo. Mama amerudi kazini, ingawa mezani bado anapanga sahani tatu. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata yeye, na siwezi tena kukaa nalo peke yangu.

Unakumbuka vile vitabu saba vya hadithi ya mchora ramani anayemngoja binti yake aliyeondoka nyumbani. Cha kwanza ulitusomea wewe kabla ya kusafiri. Baba alipoacha kutoka kitandani na macho yakaanza kufifia, aliniambia niendelee pale ulipoishia. Kila siku nikitoka shule nilivuta kiti cha cherehani, nikasoma. Alinitania kuwa kwa sauti ile hata mbu hashtuki, ndiyo maana akaniita Kinong'ono. Nikimaliza, alichukua chaki yake ya kushonea, nikamwongoza kidole, akachora kistari pembeni ya mstari tulioishia. Nikijaribu kuruka kurasa alinikatalia. Alisema tangu aanze ufundi hajawahi kushona mkono wa shati kabla ya kukata kitambaa.

Lakini mimi niliruka. Tukiwa kwenye kitabu cha nne, nilikiona cha saba maktaba, nikakiazima, nikakimaliza kwa siku mbili. Binti anarudi, dada. Anarudi siku tatu baada ya baba yake kuzikwa.

Tulipofika cha tano, Baba aliniambia kwa mwendo huu hatafika mwisho, kwa hiyo nilete cha saba, mambo ya mpangilio tuyaache. Alitaka kujua kitu kimoja tu: yule binti anamkuta baba yake? Nami nilijua umeomba ruhusa kazini ya kuja nyumbani mara mbili ukanyimwa, na kwamba kila mlango ukilia Baba anageuza kichwa. Nikamwambia kimeazimwa na mtu mwingine. Jumatatu akauliza tena, na Alhamisi pia. Nikajibu vilevile, na muda wote huo kitabu kilikuwa kwenye mkoba wangu wa zamani wa shule, uliotundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Ijumaa hakuuliza. Alisema tu tuendelee na cha tano, sisi si watu wa haraka. Jumapili asubuhi akafariki.

Juzi nilikitoa kitabu ili nikirudishe. Ukurasa wa kwanza, pembeni ya mstari wa tatu, kuna kistari cha chaki. Kimepinda, maana sikuwepo kumwongoza kidole. Alikitafuta mwenyewe nikiwa shuleni, akaisoma namba saba kubwa ya jaladani, akajaribu, macho yakamshinda. Kisha akakirudisha mkobani na kunisikiliza nikisema kimeazimwa.

Nilidhani nimemficha mwisho. Kumbe mtu akifichwa kitabu hivyo, ameshaambiwa kilichomo.

Sikulaumu hata kidogo, dada, na ukinilaumu mimi nitakuelewa. Mama asijue. Vaa nguo za joto, na wasalimu wenzako wa kazini.

Leo nilipotoka shule nilivuta kile kiti kando ya kitanda, nikafungua cha saba, nikaanza mstari wa nne. Nilisoma kwa sauti kubwa mpaka Mama aliporudi. Kisha nikachukua chaki, nikachora kistari pale tulipoishia.

Mdogo wako,
Kinong'ono