Dishi la Kupigia Kelele

Mama, shikamoo, na pole na magoti.

Nakuandikia nikilizunguka gari letu hapa nje ya duka, maana tangu asubuhi situlii. Jumamosi tunakwenda kulala msituni kwenye gari la kukodi lenye vitanda na jiko, na Baba Neema hataki kukosa mpira. Kwa hiyo tumekuja Brampton, nje kidogo ya Toronto, kuchagua dishi la tivii la kubeba.

Kuna la otomatiki, mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Unabonyeza kitufe, linanguruma na kujitafutia lenyewe. Baba Neema akaguna, "Dishi bila mtu wa kupiga kelele?" Akaomba la kuzungusha kwa mkono, akalitega kwenye nyasi nje ya duka, mimi akaniweka mbele ya tivii ya duka.

"Mama Neema, imeshika?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Umeipoteza! Rudisha kidogo!"

Nikamkumbuka kaka juu ya bati letu akizungusha antena, nawe chini ukimwombea asianguke.

Mama, unajua Neema anavyokujibu Kiingereza kwenye simu mpaka unaomba unirudie mimi. Jambo hilo linaninyima raha. Basi leo karuka mbele yangu, akapaza sauti, "Bado, Baba! Rudisha! Rudisha tena!" Baba yake akaduwaa, dishi mkononi.

La otomatiki ni zuri zaidi, hata mimi nimeona, lakini tumechukua la mkono.

Jumapili tukirudi nitakupigia. Usianze na salamu, Mama. Muulize mjukuu wako, "Imeshika?"

Mwanao akupendaye,
Mama Neema