Picha za Bosi Zisizotiwa Wanja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, nazileta kwa mikono miwili. Je, mgongo wako umepata nafuu tangu wakupe godoro jipya? Na yule bibi unayemhudumia, bado anakusimamia kichwani ukipiga pasi? Namwombea apunguze ukali, na wewe nakuombea usingizi wa kutosha. Sisi huku hatujambo. Mjomba ni mzima, mkaza mjomba ni mzima ila mafua yamemkausha sauti, nami nimefaulu mtihani wa nusu muhula, isipokuwa hesabu ambayo nimeponea chupuchupu. Mdogo wangu Bosi nimemwacha mwisho. Anakula, anacheka, anatembea kwa kushika ukuta na kumfokea kila anayempita. Lakini jicho lake la kulia linaniogopesha, Mama, na ndiyo sababu ya barua hii. Tafadhali kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unajua kwamba nikitoka shule huwa nashinda studio kwa mjomba. Dirisha la pale linatazamana na ukuta wa duka la saruji, kwa hiyo asubuhi na mchana kazi ni ya flashi tu. Wateja wengi ni akina mama wenye watoto wadogo. Mimi kazi yangu ni kuwa kiti. Mtoto asiyejua kukaa huwekwa juu ya stuli, mimi najifunika shuka jeusi nyuma yake na kumshika kiuno, na picha ikitoka utadhani amekaa mwenyewe kama mwenyekiti wa mkutano. Mjomba humtingishia bata wa plastiki huku akimbembeleza: mheshimiwa tazama huku, mama mkwe usininyime meno, hata hilo moja linatosha. Siku moja mtoto alinikojolea nikiwa ndani ya shuka, na mjomba akamwambia mama yake asiwe na wasiwasi, kiti hicho huwa kinafuliwa.

Watoto wakipigwa flashi, mara nyingi mboni zao hutoka nyekundu. Mjomba hufuta wekundu huo kwenye kompyuta na kuweka weusi mzuri. Sisi hapa tunaita kutia wanja. Hufanya haraka, huku anaongea na mteja, kama mtu anayemenya viazi. Hakuna picha inayotoka studio bila wanja, na za Bosi tunazokutumia kwenye simu hutiwa vilevile.

Mwanzoni mwa likizo mjomba alikwenda kupiga picha shule ya chekechea iliyokuwa bado haijafungwa, akaniachia kazi ya wanja. Nilikuwa naendelea vizuri, hata najisifu kimoyomoyo, mpaka nikafika kwa Bosi wetu. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu kama la wenzake. La kulia lilikuwa jeupe. Sisemi ule weupe wa kawaida wa jicho, Mama. Nasema mboni yenyewe, inang'aa kama ganda la yai. Nikadhani kompyuta imeharibika. Nikafungua watoto wengine wa siku ile ile, waliokaa stuli ile ile, na wote walikuwa wekundu pande zote mbili. Basi nikafungua picha mbichi, ndivyo mjomba anavyoziita zile ambazo hazijaguswa, nikaanza kurudi nyuma na za Bosi. Weupe ulikuwepo. Ulikuwepo siku aliyovaa kofia uliyomfumia, ile picha uliyosema macho yake yanakuchekea. Kadiri nilivyorudi nyuma ulipungua, mpaka ukawa mdogo kama punje ya mchele. Nikaiacha kazi ya wanja pale pale, nikakimbilia nyumbani.

Nyumbani nilimkalisha Bosi sakafuni na vifuniko vya sufuria anavyovipenda. Nikamziba jicho la kulia kwa kiganja changu. Aliendelea kucheza kama kwamba sikumgusa. Nikamziba la kushoto. Alipiga kelele, akausukuma mkono wangu, akaanza kupapasa hewani akivitafuta vifuniko vilivyokuwa mbele yake. Nikamkumbatia nikamwomba msamaha. Tangu hapo kila akijigonga kwenye meza, moyo wangu unagonga pamoja naye.

Nilipomwonyesha mjomba, kwanza alinitania kwamba nimekuwa daktari kabla ya kumaliza sekondari. Akasema mwanga ukipita vibaya hufanya maajabu. Nikamwonyesha picha nyingine, na nyingine. Utani ukamwishia. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akaniambia nizime kompyuta twende nyumbani. Mkaza mjomba alisema tusikurupuke. Alisema wewe ukisikia utaacha kazi siku hiyo hiyo, halafu ufike ukute ni uchafu tu wa jicho, na nani ataweza kukutazama usoni? Tena akauliza, wateja wakisikia mtoto wa nyumbani kwa mpiga picha ana jicho bovu, nani atathubutu kuleta wake? Siku zilizofuata mjomba hakumpiga Bosi picha hata moja, na mtoto akiinyooshea kamera mikono, mjomba aliifunga ndani ya kabati.

Nilivumilia, kisha uvumilivu ukanishinda. Nilichapisha picha moja mbichi, nikambeba Bosi mgongoni, nikaenda naye kliniki ya watoto bila kumuaga mtu. Yule muuguzi ambaye watoto wanamwita Bibi Sindano alianza kunigombeza, akiuliza tangu lini watoto wanaleta watoto. Nikampa picha. Aliitazama, akaacha kugomba, akanishika mkono akanipitisha mbele ya foleni nzima. Mama, hapo ndipo nilipoogopa kweli. Daktari alizima taa, akamulika jicho kwa tochi ndogo kwa muda mrefu, na Bosi akawa anajaribu kumpokonya. Alipowasha taa alizungumza nami polepole kama mtu mzima. Alisema niende nikamlete mkubwa wangu, na twende hospitali ya macho bila kuchelewa. Nikamuuliza kama ni flashi iliyomfanya hivi. Akasema la, flashi haileti ugonjwa huo, imeuonyesha tu.

Nilirudi studio nikamweleza mjomba yote, nikijua nitachapwa. Hakunichapa. Alipolisikia lile neno la flashi, alikaa kwenye stuli ya watoto akalia, mwanamume mzima. Alisema tangu siku ile alikuwa anaamini amelichoma jicho la mtoto wa dada yake kwa mkono wake, kwa sababu hakuna mtoto aliyempiga picha nyingi kama Bosi, na zote kwa ajili yako.

Hospitali ya macho tumeshakwenda, mjomba, mimi na Bosi. Sasa nakuambia lile ambalo wakubwa wameshindwa kulisema. Ndani ya jicho la Bosi kuna uvimbe, ni saratani. Jicho hilo halioni na halitaona tena. Wanataka kulitoa, Mama, kulitoa kabisa, kabla uvimbe haujapita nyuma kwenda kichwani. Jicho la kushoto wamelipima, ni safi. Daktari amesema likitolewa mapema, watoto wengi hupona wakakua wakubwa. Likichelewa kutolewa, hakutaka kumalizia, nami sikumuuliza. Lakini wanangoja ruhusa ya mzazi. Jumapili ulipopiga simu mjomba alikusudia kukuambia, akaishia kukuambia Bosi ameota jino. Uliposikia mjomba anakohoa sana, hakuwa na kikohozi. Mimi nilikuwa karibu, nikanyamaza, kwa sababu ningeanza kulia ungesikia kilio bila habari.

Mwenzako wa kazi aliyekuja likizo, anayerudi huko kesho, ameahidi kukupa barua hii mkononi. Ndani yake kuna picha mbichi ya Bosi. Itazame, usiogope kuitazama, bado ni yeye. Nambari ya daktari iko nyuma ya picha. Usimpigie mjomba, mpigie daktari. Amesema sauti yako inatosha kwanza, na karatasi zitafuata.

Naogopa siku watakapomchukua mikononi mwangu pale mlangoni na kuingia naye. Naogopa zaidi wasipomchukua. Nimeshafikiria jinsi tutakavyoishi. Barabarani nitatembea upande wake wa kulia. Na siku atakapoanza shule, nitamwomba mwalimu amkalishe pembeni kabisa mwa darasa upande wa kulia, ili wenzake wote wawe upande anaoona.

Msalimie huyo bibi, na umwombe ruhusa ya kupiga simu hata kama ni siku ya kazi. Mjomba na mkewe wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nimekuandikia. Bosi amelala mapajani mwangu ninapomalizia, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Ni mimi binti yako anayekusubiri,
Dada yake Bosi