Filimbi ya Kifuani

Fundi wangu,

Kwa heshima na taadhima nakuarifu kwamba kopo langu la kutemea makohozi limepata kitambaa cha kulifunika, kilichodariziwa kwa uzi wa kijani. Ni kazi ya Bi Zaliha, jirani yetu hapa mtaani Ampisikina. Kinyaa kilinishika hata chai ikanishinda.

Nakuandikia Kiswahili ulichonifundisha mwenyewe, maana nyumbani hakuna wa kukisoma begani kwangu.

Ile homa ya mafua iliyotulaza pamoja kule kisiwani Nosy Be, ikageuka kichomi, wewe ilikuchukua. Mimi iliniachia mapafu yenye makovu, ndivyo alivyosema daktari wa serikali yetu mpya, na filimbi kifuani. Kutoka bombani hadi mlangoni nakaa chini mara mbili. Niliporudi hapa Mahajanga nikaingia kwenye daira ya dhikri, mahali pako, nikavuta pumzi: kifua kikalia hiii. Wenzetu wakafumba macho. Wakasema nimerithi baraka yako. Yako wewe, uliyekuwa ukinichapa kisogoni: "Pumua kama mtu, si kama mvukuto wa mhunzi."

Nilipaswa kusema palepale. Lakini walinipa mto, na nyama ya mbavuni. Nikanyamaza, Fundi. Sasa wanaubusu mkono nilioukoholea, na wananiletea maji niyapulizie. Nayapulizia. Pumzi yangu inanuka uduvi uliolowa mvua, na watu wanayanywa.

Juzi Bi Zaliha akaniletea mjukuu wake wa miezi minane, mbavu zinabonyea kila akivuta hewa. Mbavu hizo nazijua. Nikamwambia, "Bi Zaliha, hii si nuru. Ni mapafu mabovu. Mpeleke hospitali."

Akatabasamu. "Wenye nuru ndivyo wasemavyo, Fundi. Mpulizie tu."

Fundi. Jina lako, kwangu mimi.

Nikageuka pembeni nikakohoa, kisha nikafumba macho kama tapeli yeyote, nikasema nimeonyeshwa kwamba dawa ya mtoto iko hospitali, na sharti afike kabla ya adhuhuri. Akatoka mbio, shiromani yake ya kujitanda ikabaki mlangoni.

Mtoto amepona. Sifa nimepata mimi. Daktari hata salamu hakupelekewa.

Nimechoka kujinusa. Ijumaa nitaiambia daira nzima ukweli, wanifukuze wakitaka. Kisha nitakuja Nosy Be, nikusomee Yasini kaburini kwako, kwa pumzi hii hii. Lala salama, Fundi. Mungu akupe nafasi huko uliko.

Nimeulizia. Kaburi lako liko juu ya kilima.